Kunde ya Mboga si Kunde ya Gunia

Mbegu bora ya kunde, ukisikiliza sifa zinazotajwa sana, huwahi kukomaa, husimama wima na hujaza gunia. Kwa anayelima kunde ili apate mboga, sifa mbili za kwanza zinaweza kuwa hasara.

Sababu iko kwenye mche wenyewe. Mkunde ukianza kuchanua, chakula kilichokuwa kikijenga majani huelekea kwenye maganda. Machipukizi hupungua, na majani yaliyobaki hukomaa na kuwa magumu. Kunde ya muda mfupi, kama Vuli-1 inayowahi mvua fupi, ni kinga nzuri dhidi ya ukame, ila mboga yake haidumu shambani. Kunde za kienyeji zinazotambaa huchelewa kuchanua. Ukichuma ncha, matawi ya pembeni yanachipua, na wiki ijayo unarudi palepale. Zikiwa chini ya mahindi, hufunika ardhi pia, magugu yakapungua.

Ndiyo maana kaya nyingi huweka mbegu zaidi ya moja: ya kuchuma na ya kuvuna. Wenye eneo dogo hutafuta inayofanya kazi zote mbili, kama K80 na M66 zinazolimwa Ukambani, Kenya. Hata hivyo kila jani linalochumwa lina gharama yake: ukizidisha, punje zinapungua. Muuza mboga naye ana hesabu zake. Hupanda kwa kubanana, kisha hung'oa mche mzima ungali mchanga na kuufunga fungu. Kwake mche unaosimama unafaa, maana majani hayagusi tope.

Kipimo cha mlaji ni kikonyo. Kivunje: kikikatika mara moja, jani ni laini, kikiacha uzi, limekomaa. Baada ya hapo ni sufuria. Majani magumu hula kuni na humshawishi mpishi kutia magadi, ambayo hulainisha na kutunza rangi ya kijani lakini huharibu vitamini C. Aina inayoiva upesi bila magadi huokoa kuni na lishe kwa pamoja. Usukumani, majani yanayochemshwa na kuanikwa yawe nsansa ya kiangazi huhitajika kwa wingi, hivyo mche wenye majani tele una nafasi yake.

Tazama pia vidukari. Hupenda kusongamana kwenye ncha changa, sehemu ileile tunayokula. Mche unaowavumilia ni bora kuliko unaodai dawa, kwani mboga iliyopulizwa haichumwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe.

Kosa kubwa hutokea wakati wa kutunza mbegu. Wengi huchukua maganda yanayotangulia kukauka. Kwenye mbegu ya kienyeji iliyochanganyika, hayo ni ya miche iliyowahi kuchanua. Ukirudia misimu kadhaa, shamba zima linaelekea kwenye kuwahi, na msimu wa mboga unafupika bila mwenyewe kujua. Kwa kuwa mkunde hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, uchaguzi mzuri nao hudumu. Funga uzi kwenye miche yenye afya, iliyochipua sana na kuchelewa kuchanua. Ikishaonyesha sifa hizo, acha kuichuma, subiri maganda yake yakauke, na mbegu yake uihifadhi peke yake.