Pikipiki za Mashindano Zilivyohama Barabarani

Ubishi wa pikipiki ipi ina mbio hauishi vijiweni Songea, kuanzia Mfaranyaki hadi Lizaboni. Ni ubishi mkongwe duniani, na sehemu kubwa ya historia yake ni watu kuhangaika kutafuta mahali pa kukimbilia.

Mwanzoni mwa karne iliyopita Uingereza ilikataa kufunga barabara zake kwa ajili ya mashindano. Waendeshaji wakavuka maji hadi Kisiwa cha Man, ambako sheria iliruhusu, na mwaka 1907 yakaanza mashindano ya TT. Yapo hadi leo, ila barabara ile, yenye kuta za mawe pembeni, imeshaua waendeshaji zaidi ya 250. Wengine wakashika njia tofauti. Machi 1924, huko Camberley, klabu za pikipiki ziliachana na barabara zikaingia vichakani. Hapakuwa na majaji wa kutoa alama za ustadi: anayetangulia kufika ndiye mshindi. Hivyo ndivyo motokrosi ilivyozaliwa. Mwaka 1947 Uholanzi iliandaa mashindano ya kwanza ya mataifa, Uingereza ikashinda, na mwaka 1957 ukaanza ubingwa wa dunia.

Kwa Afrika Mashariki, Uganda ni ya kutazamwa. Ubingwa wao wa taifa huchezwa kwa raundi katika viwanja kama Garuga, jirani na Entebbe, na Busiika, kaskazini mwa Kampala, na nchi hiyo imeshapokea mashindano ya mataifa ya Afrika. Ninachokipenda kwao ni ngazi: mtoto huanza na kipikipiki cha cc 50, akikua anapanda cc 65, kisha 85, halafu 125, ndipo afikirie madaraja ya wakubwa. Bingwa halelewi kwa miezi miwili.

Sasa turudi kijiweni. Chuchumaa nyuma ya bodaboda ya kawaida utaona shokapu mbili, moja kila upande, fupi na ngumu. Zimetengenezwa kubeba abiria, gunia la mahindi, hata mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, inayokatazwa na sheria. Pikipiki ya motokrosi ina shokapu moja tu ya nyuma, imejificha katikati chini ya kiti, na gurudumu lake hupanda na kushuka kiasi cha sentimita 30. Mfumo huo ulibuniwa na Mbelgiji Lucien Tilkens. Mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akautumia kwenye Yamaha kutwaa ubingwa wa dunia wa cc 250, na wapinzani wakaanza kubadilisha pikipiki zao. Sababu iko wazi: tairi linaloruka hewani halisukumi kitu. Linalobaki limeng'ata udongo ndilo linalopeleka pikipiki mbele.

Pikipiki ya motokrosi haina taa wala spidomita. Injini ya cc 450 hutoa nguvu za farasi zaidi ya 50, wakati bodaboda nyingi za cc 125 hutoa kama 11. Kwa hiyo kijana anayeirusha bodaboda kwenye tuta la barabarani anaiomba kazi ambayo haikuumbiwa: fremu inapinda, spoku zinakatika, na gari linalokuja mbele halina habari kwamba kuna mashindano.

Vipaji Songea vipo. Dereva anayepandisha mbolea kijijini masika, kwenye tope jekundu linalofunga magurudumu, ana mizani ya mwili ambayo wengi huilipia mafunzo. Uwanja ndio hatuna, nao hauhitaji lami: njia ya udongo ya kilomita 1.5 hivi, inayojizungusha kwenye mteremko, yenye uzio wa kuwazuia watazamaji, wasimamizi wenye bendera za njano kila penye tuta la kurukia, na gari la wagonjwa lililo tayari muda wote wa mbio. Upande wa Matogoro miteremko ya namna hiyo ipo. Halmashauri na madereva wakae wazungumzie eneo, na waanze na daraja la watoto.