Mgongano wa Molekuli Angani na Maana ya Kubadilishana

Kitenzi *kubadilishana* kina kiambishi -an-, ambacho huonyesha kwamba tendo lina pande mbili: anayetoa hupokea, na anayepokea hutoa. Inaposemwa kwamba molekuli hubadilishana nishati zinapogongana, yafaa kuuliza iwapo kiambishi hicho kinastahili kuwapo.

Mfano ulio wazi ni ule wa mawingu ya gesi baina ya nyota, ambayo halijoto yake ni kama nyuzi 10 za Kelvin, yaani yapata nyuzi 263 za Selsiasi chini ya sufuri. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni molekuli za haidrojeni. Katika baridi hiyo haidrojeni haitoi mawimbi ya kuweza kupimwa, kwa kuwa atomu zake mbili zimelingana na kuizungusha kwahitaji nishati nyingi. Kinachoishuhudia ni kaboni monoksidi, ambayo mawimbi yake ya redio, yenye urefu wa milimita 2.6, yaligunduliwa angani mwaka 1970 na Wilson, Jefferts na Penzias huko Marekani.

Haidrojeni inapoigonga kaboni monoksidi, sehemu ya nishati ya mwendo hugeuka kuwa nishati ya mzunguko. Kisha moja ya mambo mawili hutokea. Huenda molekuli iliyogongwa ikagongwa tena, ikairudisha nishati hiyo kwa haidrojeni. Au huenda ikaitoa kwa njia ya wimbi la redio; ikiachwa peke yake, hukaa siku 160 hivi kwa wastani kabla ya kufanya hivyo.

Lipi litangulie hutegemea msongamano wa gesi. Mpaka wake ni takriban molekuli 2,000 za haidrojeni katika kila sentimita moja ya ujazo. Wingu likizidi sana kiwango hicho, kutoa na kupokea hulingana, na nguvu ya mawimbi hueleza halijoto ya kweli ya gesi. Likipungua sana, haidrojeni hutoa bila kurudishiwa, na mpimaji asiyelijua hilo atalidhani wingu kuwa baridi kuliko lilivyo.

Hasara hiyo ina faida yake. Nishati inayotoka na mawimbi hulipoza wingu. Nalo likipoa, msukumo wa gesi hupungua, na mvutano wa wingu lenyewe huweza kulikusanya hadi nyota zizaliwe. Kama kila kilichotolewa kingerudishwa, gesi isingepoa.

Kwa mbunaji wa istilahi, basi, *kuhamisha nishati* ndilo jina linalofaa kwa mgongano wowote. *Kubadilishana* kungewekewa ile hali ambayo pande zote mbili hutoa na kupokea kwa usawa, kama kiambishi chenyewe kinavyodai.