Karata tatu, kasino na mtoto wako: mkono au mashine, nani anakula?

Chukulia umemtuma kijana wako wa miaka 16 kutoka Jangwani kwenda Kariakoo kununua unga na mafuta. Mfukoni ana noti ya Sh10,000. Kabla hajafika dukani anakuta watu wamezunguka boksi. Jamaa mmoja anachezesha karata tatu, mbili nyeusi na moja nyekundu, anazihamisha huku na huku. Mtu wa pembeni anaichagua nyekundu na kuondoka na pesa. Inaonekana rahisi. Dakika tano baadaye kijana hana kitu, na nyumbani anarudi na hadithi ya kuibiwa kwenye daladala.

Wazazi wengi humaliza jambo kwa fimbo. Lakini mtoto asiyejua alivyoliwa atarudi kujaribu tena, safari hii akiamini atakodoa macho zaidi.

Ujanja wa mkono

Mchezeshaji hushika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu na nyingine chini. Macho ya mtazamaji huamini kuwa ya chini ndiyo inayoanguka kwanza. Yeye huachia ya juu. Kuanzia hapo mtoto anafuata karata isiyo yenyewe, hata akikodoa macho namna gani.

Yule aliyeshinda mwanzo huwa ni mwenzake. Wakati mwingine mwenzake huyo hukunja kona ya karata nyekundu, akijifanya mchezeshaji hajaona. Mchezeshaji huinyoosha kimyakimya na kukunja kona ya nyeusi. Ukibisha, mmoja wao anapiga kelele kwamba polisi wanakuja, na kundi lote linatawanyika na pesa yako.

Je, mashine ni salama?

Akishaelewa hayo, kijana anaweza kusema: kumbe tatizo ni mkono wa mtu, basi mashine haina ujanja. Hapo mzazi unahitaji jibu.

Mwaka 1992, wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kuwa karata 52, zikigawanywa mafungu mawili na kuchanganywa kwa kupishana, zinahitaji kuchangwa mara 7 hivi ili mpangilio wa mwanzo upotee. Mgawaji wa kasino akichanga pungufu ya hapo, baadhi ya karata hubaki zimefuatana, na mchezaji mjanja anaweza kubahatisha zinazokuja. Hii ni sababu moja ya kasino nyingi kuhamia kwenye mashine za kuchanga.

Hata mashine nazo zina kasoro. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Diaconis na wenzake walichunguza aina moja ya mashine za kasino. Karata zikichangwa sawasawa, mtu anayekisia moja baada ya nyingine hupatia wastani wa 4.5 kati ya 52. Kwa mashine ile, aliyejua inavyofanya kazi angepatia 9.5.

Lakini faida kubwa ya mashine kwa mwenye kasino ni muda. Seti moja ikichezwa, nyingine inachangwa, hakuna kusubiri. Raundi zinaongezeka, na kila raundi ina fungu la mwenye nyumba.

Jaribuni mezani nyumbani

Fungu hilo halitokani na wizi. Limo ndani ya kanuni zenyewe. Mweleze mtoto kwa mchezo wa ruleti wenye namba 37, kuanzia 0 hadi 36. Chukueni punje 37 za maharage, kila moja iwe Sh1,000, muweke moja kwenye kila namba. Mmeweka Sh37,000. Lazima namba moja ishinde. Mshindi hulipwa mara 35 na kurudishiwa dau lake, jumla Sh36,000. Mmeshinda, na bado mmepoteza Sh1,000. Hakuna aliyedanganya.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo inayoendesha pia mashine za sarafu za mitaani, zile ziitwazo dubwi. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kwa hiyo mwenye mashine anayepokea sarafu ya mtoto anavunja sheria, na mzazi una haki ya kumripoti.

Karata zenyewe hazina kosa. Albastini ya barazani bila pesa hufundisha watoto kuhesabu, kusubiri zamu na kukubali kushindwa.

Na siku kijana akirudi bila unga wala chenji, anza kwa kumuuliza alisimama wapi njiani, kisha nyamaza umsikilize. Akijua anaweza kukwambia ukweli kuhusu Sh10,000, kesho atakwambia pia kuhusu ada ya shule kabla haijaliwa.