Sikukuu Zimepita, Sasa Tuzungumze

Siku ya sikukuu simu hailali. Salamu zinaingia tangu alfajiri: picha za maua, video za watoto waliovaa nguo mpya, ujumbe ule ule uliotumwa kwa watu hamsini. Ukipiga nyumbani, simu inapita mkono kwa mkono. Mama anasema, "Haya, msalimie shangazi yako." Shangazi anampa binamu, binamu anampa jirani aliyekuja kula pilau. Baada ya dakika ishirini umewasalimia watu kumi na wawili, na hujazungumza na hata mmoja.

Hakuna ubaya. Iwe Idi, iwe Krismasi na Mwaka Mpya, siku yenyewe ni ya salamu. Mazungumzo huja baadaye, wageni wakishaondoka na masufuria ya kuazima yakisharudishwa kwa wenyewe. Bahati mbaya, wengi wetu tulio mbali tunaona tumeshatimiza wajibu, tunarudi kazini au darasani, na simu inayofuata ni ya sikukuu nyingine.

Habari huja baada ya "ila"

Kila aliyelelewa kwa Kiswahili anajua kwamba "Habari za nyumbani?" hujibiwa "Nzuri". Hata kama paa linavuja na mtu kalazwa, jibu la kwanza ni "nzuri" au "salama". Huo si uongo, ni adabu: huwezi kumtupia mtu matatizo kabla hajakaa. Habari yenyewe hufuata baada ya kimya kidogo: "Salama, mwanangu, ila..." Anayepiga simu akiwa anasubiri basi hukata kabla hajaifikia hiyo "ila".

Kuna sababu nyingine ya kupiga baada ya sikukuu. Familia nyingi humficha aliye mbali habari nzito ili asiharibikiwe na siku yake. "Msimwambie kwanza, mwacheni ale sikukuu." Baba alianguka bafuni, dada ameachika, rafiki wa shule ya msingi amefariki na ameshazikwa. Wote nyumbani wanajua, wewe hujui. Habari hizo hutoka wiki mbili tatu baadaye, kwa anayepiga simu akiwa na nafasi ya kusikiliza.

Ukizipata, usianze kwa kugomba kwa nini hukuambiwa. Walikuficha kwa huruma, na pengine waliogopa ungekata tiketi kwa mkopo. Waombe tu kwa upole kwamba siku nyingine wakwambie mapema, kisha wapigie wafiwa. Pole haina muda. Mtu aliyefiwa miezi minne iliyopita ameshaondokewa na wageni wa matanga, na huenda simu yako ndiyo ya kwanza baada ya wiki nyingi kumtaja marehemu kwa jina. Hata rambirambi ndogo iliyochelewa hupokewa.

Rafiki aliyenyamaza

Marafiki wa zamani wana ugumu wao. Mlikaa dawati moja, mkala mihogo ya kukaanga kwenye karatasi moja, leo hamjaongea miaka mitatu. Wewe unaogopa kupiga kwa sababu unahisi ataomba fedha na huna. Yeye anaogopa kupiga kwa sababu unaweza kudhani anaomba fedha, na ana heshima yake. Kila mmoja anamhesabia mwenzake kiburi, kumbe wote wawili wanaona haya.

Mwezi Januari haya hiyo huzidi. Tanzania na Kenya shule hufunguliwa mwezi huo, na sare, madaftari na ada huja pamoja mara tu baada ya matumizi ya Desemba. Wakenya wameubatiza mwezi huo "Njaanuari". Huku ughaibuni nako bili ya umeme na joto la nyumba haina huruma.

Dawa yake ni kutenganisha mambo mawili. Kama una cha kutoa, kitume siku yake, kwa M-Pesa au njia nyingine, bila hotuba. Siku nyingine piga simu ya kuzungumza tu. Kama huna, sema mapema: "Ndugu yangu, mwezi huu mfuko umetoboka, lakini nimekukumbuka, nataka kusikia sauti yako." Aliye rafiki atacheka na kukueleza yake. Wahenga walisema undugu ni kufaana, na kusikilizana nako ni kufaana.

Muanzie na jambo mnalolijua wawili: yule mwalimu wa hesabu, ile timu ya mtaani, kibanda cha chai kama bado kipo. Huyo atakukumbuka ulivyokuwa kabla hujawa "mtu wa Ulaya" au "mtu wa Uarabuni".

Saa ya kupiga

Saa mbili usiku ya Dar es Salaam, Mombasa au Kampala watu wengi wamesharudi nyumbani. Wakati huo Muscat ni saa tatu usiku, na Bujumbura, Kigali na Bukavu ni saa moja. Majira ya baridi London ni saa kumi na moja jioni, na New York ni saa sita mchana. Ikifika Machi, Marekani na Uingereza husogeza saa mbele, si kwa siku moja, na tofauti hupungua kwa saa moja. Mzee anayelala mapema mpigie Jumamosi au Jumapili, kabla ya adhuhuri ya kwao.

Wafundishe na watoto saa yetu. Bibi akisema "nipigieni saa mbili", mtoto aliyezaliwa Birmingham ataweka kengele ya saa nane mchana, na bibi atakaa na simu mapajani akingoja.

Mtoto na bibi

Mtoto mwenye Kiswahili kichache huona simu ya bibi ni mtihani. Usimpe simu na kumwambia "ongea". Mpe "shikamoo bibi", kisha swali moja la kweli: "Bibi, ulipokuwa na umri wangu mlicheza nini?" Asipoelewa jibu lote, kaa karibu umfasirie. Kabla ya kuaga, mwombe bibi amwachie swali naye, ili simu ijayo iwe na pa kuanzia.

Wiki hii

Andika majina matatu kwenye karatasi na uibandike kwenye jokofu: mzee mmoja, rafiki mmoja aliyenyamaza, na mtu mmoja aliyefiwa au kuugua mwaka uliopita. Mmoja kwa wiki anatosha. Kila mmoja mpe nusu saa, ukiwa umekaa, televisheni imezimwa. Ukisikia "salama tu", usikimbilie kuaga. Sema, "Enhe, nipe habari," kisha nyamaza umsikilize.