NGOZI YA WAYA NDANI YA SANDUKU LA UMEME

Ndugu wafanyakazi, kule Kasongo na Kabambare umeme wa nyumba nyingi hutoka kwa grupu ndogo au kwa bamba la jua, na mwenye kufunga nyaya ni jirani tu, mwenye kisu na meno. Tumesema meno, wala si mzaha.

Ngozi ya waya huharibiwa na panya, hukaushwa na jua mpaka ipasuke, hukwanguliwa na ukingo wa sanduku la bati kila grupu inapotetemeka. Lakini mara nyingi mwenye kuiharibu ni fundi mwenyewe, siku ile ile ya kuifunga. Kisu kikizungushwa juu ya waya hukata plastiki, kisha huchanja shaba. Hapo shaba imepungua unene. Ikikunjwa sandukuni itavunjika, leo au mwaka kesho. Ikishikamana kidogo tu, mahali pale hupata moto. Waya wa nyuzi saba ukikatwa tatu, zilizobaki nne hubeba mzigo wa saba.

Kwanza zima grupu au swichi kubwa, funga, ufunguo ukae mfukoni mwako. Kuzima taa peke yake hakutoshi. Bamba la jua nalo hutoa umeme mchana kutwa: litenganishe. Kisha pima, kwa kipimo ulichokwisha kukijaribu penye umeme.

Ngozi ya nje ipasue kwa urefu, juu juu, kisu kikielekea mbali na mkono. Ya ndani itoe kwa pinsi ya kuchunia, katika tundu linalolingana na waya. Sentimita 1 ya shaba yatosha, iingie yote chini ya skrubu. Tundu la bati livishe mpira.

Ukikuta ngozi imepasuka, kata mpaka penye ngozi nzima. Waya ukiwa mfupi, ubadilishe. Kipande cha mpira wa baiskeli, kinachopendwa sana vijijini, hukauka na kuanguka.

Taa ya wati 60 kwa volti 220 hupitisha ampea 0.27 hivi. Ampea 0.03 zikipita kifuani zaweza kuua, hasa penye maji, kama mashimoni Namoya. Fyuzi ya ampea 10 haitambui lolote.

Akina mama, mtu akishikwa na umeme msimguse. Zimeni grupu kwanza.