Mishamo na Kigoma: habari ikizuiwa, huota nini?

Giza likiingia Sibwesa, mkoani Katavi, redio ya betri iliyokoroma mchana kutwa huanza kunasa vituo vya mbali. Sababu iko angani. Mchana, mionzi ya jua hutengeneza tabaka lenye chaji za umeme, kilometa 60 hadi 90 juu yetu, nalo hunyonya mawimbi ya masafa ya kati. Usiku tabaka hilo hutoweka. Mawimbi hupanda hadi tabaka la juu zaidi, kisha hurudishwa ardhini mamia ya kilometa kutoka yalikorushwa. Mpaka wa nchi hufungika, anga haifungiki. Ndiyo maana Korea Kaskazini imewagawia raia wake redio zilizokazwa kwenye vituo vya serikali tu, na hurusha kelele kwenye masafa ya vituo vya nje.

Lakini mtu aliyenyimwa habari hakai mtupu. Kinachojaza nafasi hiyo kimechunguzwa hapahapa Katavi, katika wilaya hiihii ya Tanganyika, kwenye makazi ya Mishamo.

Tarehe 29 Aprili 1972, waasi wa Kihutu waliinuka kusini mwa Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, wakaua Watutsi wengi. Serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, wauguzi, wanafunzi wa sekondari. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Chama kilikuwa kimoja, UPRONA, na redio ilikuwa ya serikali. Waraka rasmi wa mwaka huohuo ulieleza kwa kirefu ukatili wa waasi, ukayafumbia macho mauaji ya jeshi. Kisha kikafuata kimya cha miaka mingi. Wajane hawakuweza hata kuomboleza hadharani.

Maelfu walivuka kuja Tanzania. Makazi ya Katumba yalifunguliwa 1973, Mishamo 1978. Kati ya 1985 na 1986 alifika Liisa Malkki, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Finland, akawasikiliza wakimbizi wa Mishamo na wenzao walioishi mjini Kigoma. Watu walewale, balaa lilelile. Mishamo ilikuwa porini, na mtu alihitaji kibali ili atoke. Huko, watu tofauti walimsimulia historia ya Burundi kwa mpangilio uleule, mara nyingi karibu kwa maneno yaleyale, tangu asili ya nchi hadi 1972. Hata masharti ya afisa wa makazi yaliingizwa ndani ya hadithi hiyo, yakawa mwendelezo wa mateso ya Burundi. Kigoma mjini mambo yalikuwa mengine kabisa. Wakimbizi waliishi mtaa mmoja na Waha wenyeji, Wakongo na wachuuzi wa kila aina. Wengi walijitambulisha kama Waha, wakaoa na kuolewa, na kila mmoja alikuwa na simulizi yake.

Watafiti wa kumbukumbu wanalifahamu jambo hili kwa njia nyingine: watu wakisimuliana tukio moja mara kwa mara, kumbukumbu zao husogeleana. Linalotajwa na wote huimarika, lisilotajwa hufifia.

Siamini kwamba simulizi ya Mishamo ilikuwa uongo. Ilikuwa kumbukumbu pekee ya marehemu ambao serikali yao ilikana kuwaua, na kuitunza lilikuwa tendo la ujasiri. Lakini ndani yake Mtutsi yeyote aligeuka adui, awe askari au mkulima, na hapakuwa na jirani wa kuuliza swali lingine. Mwaka 1980 Rémi Gahutu alianzisha chama cha Palipehutu humohumo Mishamo. Baadaye tawi lake la kijeshi lilipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Burundi. Serikali ya Burundi ilizuia habari, kibali cha makazi kikazuia watu kuchanganyika, na vizuizi hivyo viwili vilisaidiana.

Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi lililoshindwa, vituo binafsi vya redio vya Burundi vilishambuliwa, vikiwemo RPA, Bonesha na Isanganiro. Waandishi waliokimbilia Rwanda wakaanzisha Inzamba, wakituma taarifa za sauti kwa WhatsApp. Nawaheshimu mno. Hata hivyo sauti ya WhatsApp hupita katika vikundi vya watu wanaoaminiana tayari, tofauti na redio ya usiku inayonaswa na yeyote, hata asiyeipenda.

Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia takriban watu 162,000 wa jamii ya wakimbizi wa 1972. Na mwaka 2020 tume ya ukweli ya Burundi ilifukua kando ya mto Ruvubu mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Desemba 2021 tume ikatamka kwamba mauaji ya Wahutu ya 1972 yalikuwa ya kimbari. Wapo Warundi wanaolalamika kwamba tume imewatazama zaidi wahanga Wahutu. Wana haki ya kulalamika: waliouawa na waasi mwezi ule wa Aprili, na Watutsi waliouawa 1993, wanapaswa kutafutwa kwa bidii ileile.