Jumba la Kifahari kwa Kikao cha Kazi

Imekuwa desturi kwa makampuni mengi ya Nairobi, na kwa mashirika yasiyotafuta faida vilevile, kuwatoa wafanyakazi wao ofisini mara moja kwa mwaka na kuwapeleka mahali pa mbali kwa siku tatu au nne, ili washauriane juu ya mwaka ujao, waseme yale ambayo hayasemeki katika mikutano ya kila Jumatatu, na kila mmoja amwone mwenziwe kwa wajihi mwingine usiokuwa ule wa meza na kompyuta. Safari kama hizo zamani zilielekea Naivasha au Mombasa, kwenye hoteli kubwa zenye kumbi za kukodi. Siku hizi wako wengi wanaopendelea kuchukua jumba zima la kifahari huko pwani, Diani, Watamu, Kilifi au Shela, kwa hoja ya kuwa katika jumba kikundi hukaa faragha, hupikiwa chakula chake, huamka kwa saa zake, wala hakikatizwi maneno na karamu ya harusi iliyo ukumbi wa pili. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini majumba hayo yalijengwa kwa starehe ya familia moja na marafiki zake, na aliyepewa dhamana ya kuchagua, akitazama picha za bwawa la kuogelea na za jua linapokuchwa, husahau upesi kwamba watu anaowatafutia mahali si ndugu, hawalingani kwa cheo wala kwa umri, na hawaendi huko kwa ikhtiari yao bali kwa wito wa mwajiri.

Rai yangu ni kwamba jumba la kikao lipimwe kwanza kwa mambo mawili, nayo ni wapi kila mtu atalala na wapi wote wataketi pamoja, na kwamba anayelipima ajiweke mahali pa yule aliye mdogo wao kwa cheo, kwa sababu mkurugenzi hata nyumba ikiwa mbovu hupata chumba chema, na yule wa chini ndiye atakayelazwa kwenye kochi la roshani akashindwa kulalamika.

Nachukua Shela kuwa mfano, maana huko anasa na taabu yake hukaa pamoja. Kijiji hicho kiko katika kisiwa cha Lamu, kiasi cha kilomita tatu kutoka mji wa kale ambao Unesco iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Motokaa hazipiti katika vichochoro vyake. Mizigo huchukuliwa na punda au na mahamali, na watu huenda kwa miguu au kwa mashua. Majumba yake makubwa, mengine ya kale yaliyofufuliwa na mengine mapya yaliyofuata mtindo wa kale, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yana daka mlangoni, kiwanda, yaani ua wa wazi, katikati, zidaka zilizonakshiwa ukutani, na juu kabisa dari iliyoezekwa makuti, inayotazama mkondo wa bahari na kisiwa cha Manda.

Umbo la nyumba hizo limetokana na boriti. Boriti ni mti wa mkoko, na mti huo ukizidi mita tatu hivi hauwezi kuubeba uzito wa dari ya mawe na chokaa bila kupinda. Kwa ajili hiyo waashi wa kale walijenga vyumba vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine, na wengi wa waliowafuata wameihifadhi sura hiyo hata pale ambapo saruji na chuma vingewaruhusu kupanua. Kwa familia iliyojipumzisha juu ya vitanda na mikeka, chumba cha namna hiyo ni baridi na raha. Kwa watu kumi na sita wanaotaka kutazamana nyuso huku wakijadili bajeti, chumba hichohicho ni ujia: walioketi mwisho mmoja hawawasikii wa mwisho wa pili, na mazungumzo hugawanyika mafungu mawili pasipo mtu kukusudia, fungu moja likiamua na jingine likisubiri kuambiwa kilichoamuliwa.

Ndiyo sababu kikao katika majumba ya Shela aghalabu hupandishwa juu, chini ya makuti. Huko nafasi ipo na hewa ipo, ila mwangaza wa saa nne asubuhi, ukipiga juu ya kuta nyeupe, huifuta kabisa picha ya projekta hata mapazia yakiteremshwa, na upepo wa kusi huzing'oa karatasi zilizobandikwa ukutani moja baada ya moja. Mwenye takwimu za kuonyesha na ahakikishe kuwa nyumba ina televisheni kubwa katika chumba chenye kivuli, ama azichapishe na kumpa kila mtu nakala yake. Na hivyo viti navyo vitazamwe sana, kwa maana sofa za chini na mito ya baraza, ambayo hupendeza mno kwa kahawa ya jioni, humuumiza mtu mgongo kabla ya saa mbili za kazi kwisha. Msimamizi wa nyumba aombwe kupiga video ya mahali hapo asubuhi, viti vikiwa vimepangwa duara kwa idadi ya wageni watakaokuja. Akisema haiwezekani kupanga duara, jibu la nyumba hiyo limekwisha kupatikana.

Katika habari ya kulala kuna hesabu inayowapotosha wengi. Tangazo likisema kwamba jumba hulaza watu 16, kwa kawaida kila kitanda kipana kimehesabiwa watu wawili, kama kwamba wageni wote ni mume na mkewe. Kwa wafanyakazi wenza, jumba la vyumba vinane vyenye kitanda kimoja kimoja ni jumba la watu wanane, basi. Vitanda vingine huweza kutenganishwa vikawa viwili, vingine haviwezi, nalo liulizwe kwa kila chumba kwa jina lake wala si kwa ujumla. Tena katika nyumba za kale pana jambo la sitara. Misana, yaani mabaraza marefu ya ndani, iko wazi kwa upande wa kiwanda, na kinachotenga kitanda cha mtu na macho ya mwenziwe ni pazia tu. Wenye nyumba hawakuhitaji zaidi, maana waliokuwamo walikuwa wa jamaa moja na sitara yao ilikuwa ule ukuta mnene wa nje. Binti aliyeajiriwa miezi miwili iliyopita hana jamaa humo. Haki yake ni mlango wenye komeo na choo ambacho hakifikiwi kwa kupita chumbani mwa mtu mwingine, na nyumba isiyoweza kumpa hayo, hata ingekuwa na nakshi gani, haifai kwa safari hii.

Kila jumba la kifahari lina chumba kimoja kilichozidi vyote kwa ukubwa na mandhari, na mazoea ni kumpa mkuu wa kampuni. Mimi naona chumba hicho, na vyumba vya chini vilevile, vigawanywe kwa haja: mwenye mimba, mama anyonyeshaye aliyekuja na mtoto na yaya, mwenye goti bovu ambaye ngazi za Shela, zilizo nyembamba na zenye kusimama sana, zingemfanya mfungwa wa ghorofa. Vinavyobaki vipigiwe kura. Mkuu akilala katika chumba kama cha wenziwe usiku wa kwanza, huwa amekwisha kusema jambo kubwa kabla kikao hakijafunguliwa.

Majira nayo hayana budi kutazamwa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hata Machi, bahari ikiwa tulivu na joto likiwa kali zaidi mwishoni mwake. Kusi hushika zamu baadaye, na masika hunyesha kwa wingi mwezi wa Mei, wakati ambapo majumba na hoteli kadhaa hufungwa kwa ukarabati. Krismasi na mwaka mpya ndiyo bei ya juu kupita zote. Kwa kampuni inayotaka kufanya kazi kweli nathubutu kusifu miezi ya Agosti na Septemba, ambapo hewa ni baridi, mtu huweza kufikiri mchana kutwa, na wenye nyumba husikia maneno ya punguzo kwa sikio la huruma zaidi kuliko Januari.

Ndege kutoka Nairobi hutua Manda, kisha abiria huvuka kwa mashua. Ndege hizo ndogo huweka kikomo cha mizigo, mara nyingi kilo 15 kwa mtu, kwa hiyo maboksi ya vifaa vya kikao yatangulizwe kwa njia ya nchi kavu hadi Mokowe na kuvushwa kutoka huko. Bahari ya hapa hupwa na kujaa kwa tofauti ya mita tatu hata zaidi siku za bamvua, na matembezi ya mashua hupangwa na maji wala si na ratiba ya mtu wa ofisini: mkondo wa Mkanda, unaotenga Manda na bara, haupitiki kwa vyombo vingi maji yakiwa yamepwa, na aliyeahidi wenziwe kurudi saa kumi na moja anaweza kukesha akingojea maji. Nahodha aulizwe kabla programu haijachapishwa, na kila chombo kiwe na jaketi za kujiokolea kwa idadi ya watu, maana katika kikundi cha watu wa Nairobi, wasiojua kuogelea hawakosekani, nao huona haya kusema.

Kuhusu umeme na intaneti sitarefusha maneno: iulizwe kama kuna jenereta au betri za jua za kutosha kwa usiku mzima, na mafuta ya jenereta ni juu ya nani, na kasi ya intaneti ipimwe palepale darini patakapokaliwa, si sebuleni kilipo kifaa chenyewe.

Mpishi ndiye nguzo ya nyumba. Majumba mengi ya Shela hukodishwa pamoja na watumishi wake, na chakula hulipwa kando kwa bei ya sokoni, jambo ambalo ni faida kubwa kwa anayelielewa: mpishi huenda akakutana na wavuvi asubuhi, akaleta changu, kolekole, kaa au kamba kwa kadiri ya siku, na samaki wa kupaka kwa wali wa nazi huwatosha watu kwa gharama iliyo chini ya ile ya hoteli. Aitwe kwenye simu kabla ya safari, na aongeleshwe kwa heshima kama mkuu wa jiko alivyo. "Mpishi, wageni wangu wawili hawali nyama kabisa na mmoja samaki wa gamba humdhuru, utaniauni vipi?" Majibu yake yatakuonyesha nyumba inavyoendeshwa kuliko picha zote ulizotumiwa.

Fedha za kampuni zina masharti ambayo fedha za likizo hazina. Bei iulizwe kama imekwisha kuingiza kodi ya ongezeko la thamani, ambayo nchini Kenya ni asilimia 16, na ushuru wa utalii wa asilimia 2, ama vitaongezwa mwisho. Tangu Januari 2024, gharama isiyokuwa na ankara ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, haikubaliwi kuondolewa katika mapato yanayotozwa kodi, isipokuwa kwa zile zilizosamehewa na sheria. Na kwa kuwa baadhi ya wenye majumba ya Shela huishi Ulaya na kukodisha kupitia mawakala, mhasibu anaweza kuletewa karatasi yenye muhuri mzuri isiyomfaa kitu. Arbuni isitolewe kabla ya kuthibitisha nani atakayetoa ankara hiyo, na kama nyumba ina leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii.

Dhima ya mwajiri nayo haiishii mlangoni pa ofisi. Sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha kazini humlinda mfanyakazi aliyeumia katika shughuli ya kazi, na kikao kilichoitishwa na kampuni ni vigumu kukikana kuwa si kazi. Kampuni ya bima iandikiwe mapema ikitajiwa mahali, bwawa na mashua, tena iulizwe waziwazi juu ya Lamu, kwa kuwa serikali kadhaa za nje huwapa raia wao tahadhari kuhusu sehemu za bara za kaunti hiyo zilizo karibu na mpaka wa Somalia, na mikataba mingine ya bima hufuata tahadhari hizo bila kutenga kisiwa na bara. Bima ikikataa, Diani iko, yenye nyumba pana zinazofikiwa na gari, na huenda kwa kikundi kinachozidi watu ishirini ikawa ndiyo yenye kufaa zaidi tangu mwanzo.

Shela ni kijiji cha Waislamu wanaoishi humo mwaka mzima, chenye msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, na adhana ya alfajiri itasikika katika kila chumba. Nguo za kuogelea ni za bwawani na ufukweni, hazipitishwi vichochoroni. Na kikao kikiangukia Ramadhani, watumishi wa nyumba watakuwa wamefunga huku wakiwapikia wageni chakula cha mchana, kwa hiyo ni murua kupanga mlo mwepesi, na programu ya jioni isiwazuie kufuturu kwao. Bakhshishi iwekwe katika bajeti tangu Nairobi, kiasi kwa kila siku na kila mtumishi, ikabidhiwe kwa msimamizi mbele ya wenziwe wote, mpishi, mfua nguo, askari wa usiku na mchota maji, ili kila mmoja ajue kilichotolewa na fungu lake ni lipi.